Vita Vinavyopiganwa Kwenye Rasimu

Novemba 2010, viongozi wa nchi 28 za jumuiya ya kujihami ya NATO walikutana Lisbon, mji mkuu wa Ureno, wakapitisha waraka mfupi uitwao Dhana ya Kimkakati. Humo walitamka kwamba eneo la Ulaya na Atlantiki ya Kaskazini lina amani, na kwamba uwezekano wa nchi zao kushambuliwa kwa majeshi ya kawaida ni mdogo. Rais wa Urusi wa wakati huo, Dmitry Medvedev, alifika mjini humo humo kukutana nao. Miaka 12 baadaye, tarehe 29 Juni 2022, jumuiya ile ile ikiwa na wanachama 30 ilikaa Madrid ikapitisha waraka mwingine wenye jina lile lile. Safari hii sentensi iligeuka: eneo hilo halina amani. Urusi, ambayo Lisbon ilitajwa kama mshirika wa kutafutwa, sasa iliandikwa kuwa tishio kubwa na la moja kwa moja kuliko yote.

Kutoka “lina” hadi “halina” ni herufi mbili. Katikati yake kuna Crimea iliyotwaliwa na Urusi mwaka 2014, safu za vifaru zilizovuka mpaka wa Ukraine Februari 2022, na miji iliyobaki magofu. Kuna pia kundi la watu wasiojulikana sana, wengine wenye magwanda na wengine raia wenye suti, ambao mshahara wao unatokana na kuuliza swali moja: vita vijavyo vitakuwaje, na sisi tutapigana vipi? Kazi yao ni kuandaa dhana. Hawashiki bunduki kazini, wala hawatoi amri kwa kikosi. Wanaandika. Kwa kuwa wanachokiandika huja kuwa meli, bajeti, mazoezi na hatimaye maisha ya vijana, inafaa kuwatazama kwa karibu.

Katika NATO, jiko la dhana hizo liko Norfolk, jimbo la Virginia, mashariki mwa Marekani. Ni mji wa bahari, wenye kambi ya jeshi la wanamaji inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Tangu 1952 palikuwa na kamandi ya NATO ya kulinda njia za meli kati ya Amerika na Ulaya, maana hofu ya zama zile ilikuwa nyambizi za Kisovieti. Ukuta wa Berlin ukaanguka, Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na hofu ile ikapoa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, viongozi waliokutana Prague Novemba 2002 waliamua kupanga upya nyumba yao, na Juni 2003 kamandi ya zamani ikageuzwa kuwa Kamandi ya Mageuzi.

Mgawanyo wa kazi ni huu. Kamandi ya Operesheni, yenye makao karibu na Mons, Ubelgiji, inashughulika na vita na doria za leo. Norfolk inashughulika na kesho na keshokutwa. Chini ya Norfolk viko vituo vitatu vya zamani barani Ulaya: Stavanger, Norway, wanakopikwa makamanda kwa mazoezi makubwa, Bydgoszcz, Poland, kwa mafunzo ya vikosi, na Lisbon, wanakochambua yaliyotokea vitani na mazoezini ili makosa yasirudiwe. Tangu 2009 mkuu wa kamandi hii amekuwa jenerali au admeri kutoka Ufaransa. Tangu Septemba 2024 ni Admeri Pierre Vandier, aliyewahi kuwa rubani wa ndege za kivita za jeshi la majini.

Dhana ni nini hasa? Jeshi lina kitu kingine kinachofanana nayo, nacho ni kanuni za mapigano: yale yaliyokwisha kujaribiwa, yakaandikwa, yakafundishwa chuoni, na kila kuruta anayajua. Dhana huja kabla ya hapo. Ni pendekezo la namna ya kutatua tatizo ambalo jeshi halijaliweza, au ambalo bado halijafika mlangoni. Ikifaulu majaribio hugeuka kanuni, vifaa na mafunzo. Isipofaulu hukaa kabatini, na hapo ndipo inapotakiwa kukaa.

Tuseme ofisa amepewa kazi ya kuandika jinsi majeshi ya NATO yatakavyopigana kwa pamoja katika nyanja tano: nchi kavu, bahari, anga, mtandao wa kompyuta, uliotambuliwa rasmi kuwa uwanja wa vita mwaka 2016 huko Warsaw, na anga za juu, zilizotambuliwa mwaka 2019. Kwenye karatasi jambo hilo linapendeza. Ofisa mzuri haridhiki na karatasi. Anachukua safu moja tu ya vifaru inayotoka bandarini magharibi mwa Ulaya kwenda mashariki, na kuanza kuuliza maswali ya dereva. Daraja lile litabeba tani ngapi? Behewa ni la nani, jeshi au kampuni binafsi? Setilaiti inayowaonyesha njia inamilikiwa na nani, na mwenye nayo akiamua kuizima? Kompyuta za bandari zikivurugwa usiku wa manane na wadukuzi, nani anampigia nani simu, na kwa mamlaka gani? Maswali manne au matano ya namna hiyo yanatosha kuvunja ukurasa mzima wa maneno matamu.

Halafu kuna lugha yenyewe. NATO ina lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa, na wanachama 32 tangu Finland ilipojiunga Aprili 2023 na Sweden Machi 2024. Wengi wa wanaoketi kwenye meza hizo wanaandika kwa lugha ambayo hawakuzaliwa nayo. Ndiyo maana jumuiya hii ina ofisi maalumu ya istilahi, na faharasa ya pamoja inayosema neno fulani maana yake ni hii, si ile.

Kwa nini wasumbuke hivyo? Majeshi mengi husimulia kisa cha Mto Imjin. Aprili 1951, katika Vita vya Korea, batalioni ya Waingereza ya Gloucestershire ilijikuta imezingirwa na askari wengi mno wa China. Jenerali wa Marekani aliyekuwa juu yao alitaka kujua hali ikoje. Brigedia Tom Brodie, Mwingereza, alijibu kwa namna ya kwao: mambo yamenata kidogo. Kwa Mwingereza wa tabaka lile, “kidogo” hiyo ilikuwa kilio cha kuomba msaada. Mmarekani aliisikia kama ilivyotamkwa, akaona bado wanaweza kustahimili. Batalioni ikasambaratishwa, na zaidi ya askari 500 wakachukuliwa mateka.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana kisa hiki. Hujibu “sijambo” akiwa na homa kali, kisha baada ya kitambo anaongeza: “ila mtoto amelazwa tangu juzi.” Anayemjua huisubiri hiyo “ila”. Asiyemjua huaga akaenda zake, akiamini nyumba ile ni salama. Mwandishi wa dhana ya nchi 32 anafanya kazi katikati ya watu ambao kila mmoja ana “ila” yake, na anatakiwa aitoe hadharani kabla risasi hazijaanza kulia.

Inatolewaje? Kwa jedwali. Rasimu ikikamilika hutumwa kwenye miji mikuu na makao makuu mbalimbali, na majibu hurudi yakiwa yamepangwa kwenye safu: nchi gani, ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi, maneno yaliyopo, maneno yanayopendekezwa, na sababu. Maoni hupewa uzito. Kuna ya uhariri, kama nukta na tahajia. Kuna ya maana, yanayobadilisha hoja. Na kuna yale ya lazima, yaani nchi inasema bila haya haitaukubali waraka. Mwandishi hukaa na jedwali la mistari mamia akijibu mmoja mmoja: limekubaliwa, limekubaliwa nusu, halikukubaliwa kwa sababu hii. Norfolk ikifungua ofisi saa mbili asubuhi, Brussels ni saa nane mchana, kwa hiyo simu zote ngumu zinabanwa kwenye saa chache za katikati.

Hakuna kura. NATO huamua kwa makubaliano ya wote, na kifaa chake maarufu ni utaratibu wa ukimya. Waraka unatumwa pamoja na siku na saa ya mwisho. Saa ikifika na hakuna aliyesema neno, waraka umepita. Nchi moja ikiandika barua, hata ndogo kuliko zote, ukimya umevunjika na kila kitu kinarudi mezani. Mtu anaweza kufanya kazi miezi 18 kwa ajili ya alasiri moja ya kutazama saa ya ukutani, akiomba kimoyomoyo barua isije.

Baadhi ya mabishano yamechukua miaka. Mwaka 1957 NATO ilikubali dhana ya kulipiza kisasi kwa nguvu zote: Umoja wa Kisovieti ukishambulia, jibu lingekuwa silaha za nyuklia bila kuchelewa. Mapema miaka ya 1960 Wamarekani walianza kuona hatari yake. Kama adui akitwaa kijiji kimoja mpakani, je, dunia nzima ichomwe? Walitaka ngazi ya majibu inayopanda hatua kwa hatua. Ufaransa ya Charles de Gaulle ilikataa, ikihofia kwamba Marekani inatafuta namna ya kuiacha Ulaya ipigane peke yake. Rasimu ilikwama hadi Ufaransa ilipojitoa kwenye kamandi ya pamoja ya kijeshi mwaka 1966 na makao makuu yakahama Paris kwenda Ubelgiji. Dhana mpya, iliyojulikana kama jibu linalobadilika kulingana na hali, ilipitishwa rasmi Januari 1968, ikakaa hadi mwisho wa Vita Baridi. Ufaransa ilirudi kwenye kamandi hiyo mwaka 2009, na mwaka huo huo ikakabidhiwa Norfolk.

Lakini makubaliano nayo yana hatari yake. Waraka ambao kila mtu ameusaini unaweza kuwa umekubaliwa kwa sababu haujamgusa mtu yeyote. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba thamani ya dhana haionekani siku inapopitishwa. Inaonekana siku inapowekwa mbele ya mtu mwenye akili, aliyeambiwa aivunje kwa njia yoyote, na wakubwa wakakubali kumtazama akiivunja.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea Virginia hiyo hiyo, kiangazi cha 2002. Halikuwa zoezi la NATO, lakini liliendeshwa na Kamandi ya Majeshi ya Pamoja ya Marekani, jirani na ndugu wa damu wa kamandi ya Norfolk, kiasi kwamba kuanzia 2003 hadi 2009 mkuu mmoja kwa kila kipindi ndiye aliyeziongoza zote mbili. Zoezi liliitwa Millennium Challenge. Lilipangwa kwa miaka miwili, liligharimu dola milioni 250, na lilihusisha watu wapatao 13,500, baadhi wakiwa uwanjani kwa vifaa halisi na wengi wakiwa mbele ya kompyuta. Lengo lilikuwa kujaribu dhana mpya zilizokuwa zikipigiwa chapuo wakati ule: kwamba kwa taarifa nyingi na mawasiliano ya kasi, jeshi la kisasa linaweza kumchora adui kama mashine, likagusa sehemu chache muhimu, na mashine nzima ikasimama.

Upande wa bluu ulikuwa Marekani. Upande mwekundu ulikuwa nchi ya kubuni katika Ghuba ya Uajemi, na kiongozi wake wa kijeshi aliigizwa na Paul Van Riper, luteni jenerali mstaafu wa kikosi cha Marine aliyepigana Vietnam. Bluu walimpelekea madai ya kujisalimisha, wakaharibu mitambo yake ya mawasiliano, wakatega masikio wakingoja atumie simu za mkononi na setilaiti ili wamsikilize. Hakuzitumia. Amri zake zilibebwa na wajumbe kwenye pikipiki. Ndege zake ziliruka kwa ishara za taa, kama zama za Vita Kuu ya Pili. Boti ndogo zilizunguka baharini kana kwamba zina shughuli zake, kumbe zinaangalia manowari za bluu zimekaa wapi. Kisha, kabla bluu hawajaanza, akafyatua makombora mengi kwa mpigo mmoja hadi mitambo ya kujikinga ikazidiwa, na nyuma yake zikaja boti zilizojaa milipuko.

Dakika chache zilitosha. Manowari 16 zilihesabiwa kuzama, mojawapo ikiwa ya kubeba ndege. Kama vingekuwa vita vya kweli, waliokufa wangekaribia 20,000. Mtu anayeishi Mombasa, Kampala au Dar es Salaam, anayeona kila siku bodaboda ikifikisha barua mahali ambapo gari haliingii, anaweza kuelewa kwa nini mtambo wa mamilioni ya dola haukumsikia mjumbe yule.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoacha jina baya. Zoezi lilisimamishwa, manowari zikaibuliwa kutoka chini ya bahari kwa amri ya kompyuta, na mchezo ukaanza upya kwa masharti mapya. Wekundu waliagizwa kuwasha rada zao za kulinda anga ili zipigwe. Walikatazwa kudungua ndege zilizokuwa zikileta askari wa bluu. Van Riper alipoona amri zake zinabatilishwa, aliacha nafasi yake katikati ya zoezi, na baadaye akalalamika hadharani. Waandaaji walikuwa na utetezi wao, na haufai kupuuzwa: maelfu ya watu walikuwa wamekusanywa kwa gharama kubwa, kulikuwa na mambo mengi mengine ya kupimwa, na haikuwezekana kuwarudisha wote nyumbani siku ya pili. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayelipa ankara. Hata hivyo, matokeo yalitangazwa kana kwamba dhana zimefaulu, na hapo ndipo kosa lilipo.

Agosti 2008, Jenerali James Mattis, aliyekuwa akiongoza kamandi zote mbili za Norfolk, alisambaza waraka kwa watumishi wa upande wa Marekani. Aliagiza istilahi na mbinu za dhana ile ya kumchora adui kama mashine ziachwe kutumika, kwa hoja kwamba zinaahidi uhakika ambao vita havina. Mojawapo ya mifano iliyomsukuma ilikuwa Lebanon mwaka 2006, ambako Israel ilitegemea fikra za aina hiyo dhidi ya kundi la Hezbollah na ikashindwa kupata ilichokitaka. Kati ya pikipiki za Van Riper na waraka wa Mattis ilipita miaka sita, na ndani ya miaka hiyo sita kulikuwa na vita vya Iraq. Kwa mwandaaji wa dhana yeyote mwenye moyo, hilo ni jambo la kukosesha usingizi.

NATO imechukua somo kwa namna yake. Majaribio na dhana vimefungwa kwenye gurudumu moja: wazo linaandikwa, linajaribiwa mezani kwa michezo ya vita, linajaribiwa tena ndani ya mazoezi, linarekebishwa. Timu nyekundu, yaani watu waliopewa kazi ya kupinga, huwekwa tangu mapema. Mchezo wa vita wenyewe ni wa zamani. Waprusia waliutumia kufundisha maofisa wao tangu miaka ya 1820, kwa ramani na vipande vidogo. Leo zimeongezwa kompyuta, lakini chombo kikuu bado ni mtu mkaidi aliyekaa upande wa pili wa meza.

Zipo dhana zilizoishi maisha tofauti kabisa na yale waliyoyawaza wazazi wake. Mkutano wa Prague wa 2002 ulizaa Kikosi cha NATO cha Kukabili Dharura, kwa maelezo kwamba askari hadi 25,000 wawe tayari kuondoka ndani ya siku chache kwenda popote. Wengi waliwaza kutua kwa nguvu kwenye nchi ya mbali. Oktoba 2005 tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 70,000 nchini Pakistan, na kikosi kilichoandaliwa kwa vita kikajikuta kinabeba mablanketi, mahema na dawa. Ndege zilipeleka karibu tani 3,500 za misaada, na wahandisi wakafungua barabara za milimani. Juni 2006 kikafanya zoezi lake kubwa la kujipima katika visiwa vya Cape Verde, magharibi mwa Afrika. Kwa ulinzi wa pamoja wa wanachama, ambao ndio sababu ya NATO kuwapo, kikosi hicho hakikutumika hadi Februari 2022. Julai 2024 kilipisha kikosi kingine kilichobuniwa upya. Miaka 20 ya maisha kwa kurasa zilizoandikwa na watu waliokuwa wakiitazama Afghanistan.

Afrika nayo ina waandishi wake wa dhana, na hapa habari inasogea karibu na nyumbani. Mei 2003, mwezi mmoja kabla ya kamandi ya Norfolk kubadilishwa jina, wakuu wa majeshi wa Afrika walikubaliana Addis Ababa juu ya muundo wa Kikosi cha Dharura cha Afrika, chenye vikosi vya kanda tano. Cha Afrika Mashariki kina makao yake Karen, Nairobi, na kinaunganisha nchi kama Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia na Komoro. Tanzania imo upande wa kusini, ndani ya jumuiya ya SADC. NATO ilianza kuusaidia Umoja wa Afrika mwaka 2005 kwa kusafirisha askari wake kwenda Darfur, na imekuwa ikiwapa maofisa wake mafunzo.

Ndani ya waraka wa makubaliano hayo ya 2003 mna hali sita zinazoweza kukihitaji kikosi, kila moja na muda wake. Nne za kwanza zinatoa siku 30. Ya tano, ujumbe mkubwa wa kulinda amani, siku 90. Ya sita ni pale ambapo mauaji ya kimbari yanaendelea na jumuiya ya kimataifa haijachukua hatua. Hapo waliandika siku 14.

Namba hiyo haikuokotwa. Mauaji ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994 yalidumu siku 100 hivi, na dunia ilikuwa na muda wa kutosha kuona. Walioandika 14 walikuwa wakifanya hesabu ambayo hakuna ofisa wa Norfolk aliyewahi kulazimika kuifanya kwa majirani zake mwenyewe. Ni mstari wenye heshima kuliko mingi iliyoandikwa na majeshi ya karne hii.

Lakini mstari hauna ndege za kubebea askari. Januari 2013 wapiganaji wenye silaha walipoanza kushuka kutoka kaskazini mwa Mali kuelekea kusini, waliotua kwanza kwa nguvu walikuwa Wafaransa. Kikosi cha Afrika kilichoahidiwa kwenye karatasi kilikuwa bado kinatafuta usafiri na fedha, na Mei mwaka huo viongozi wa Afrika wakakubaliana juu ya utaratibu wa muda wa kuziba pengo. Kikosi cha kanda ya mashariki kilitangaza utayari kamili mwishoni mwa 2014. Bado swali la msingi linabaki lile lile ambalo mwandaaji wa dhana yeyote huulizwa na fundi, mhasibu na rubani: hizo siku 14 zinalipiwa na nani, na ndege ziko uwanja gani?

Norfolk yenyewe inakabiliwa na swali la aina nyingine, la kasi. Mwaka 2021 NATO ilipitisha dhana yake kuu ya mapigano, iliyokusudiwa kutazama miaka 20 mbele. Ilizungumzia kumzidi adui kwa ufahamu, ustahimilivu wa jamii nzima, na amri zinazovuka mipaka ya nyanja zote tano. Kabla wino haujakauka vizuri, Urusi iliivamia Ukraine, na uwanja wa vita ukaanza kubadilika kila baada ya wiki chache. Droni ndogo za bei ya pikipiki zikawa zinaunguza vifaru vya mamilioni. Upande mmoja ukijifunza kuvuruga mawimbi ya redio yanayoziongoza, mwingine unabadilisha masafa. Yakivurugwa tena, unaacha redio kabisa. Waraka wa kukubaliwa na nchi 32, kwa jedwali na ukimya, hauwezi kukimbia mbio hizo. Maofisa wanalijua hilo, na ni jambo zuri kwamba wengi wao wameanza kulisema waziwazi.

Sehemu ya jibu imewekwa Bydgoszcz. Februari 2025 kilifunguliwa pale kituo cha pamoja cha NATO na Ukraine cha uchambuzi, mafunzo na elimu. Ni taasisi ya kwanza ambamo maofisa wa jumuiya hiyo na wa Ukraine wanafanya kazi chini ya paa moja, na Waukraine hawapo pale kama wanafunzi tu. Wanaleta kutoka mstari wa mbele yale ambayo hakuna mchezo wa vita ulioyabuni, na mwandishi wa dhana anakaa, rasimu ikiwa mezani, na mtu ambaye haogopi kumwambia kwamba aya hii ingeua watu wetu wote kabla ya saa nne asubuhi.

Mfano mmoja ni uzi. Ili kukwepa mawimbi yaliyovurugwa, pande zote mbili za vita hivyo sasa hurusha droni zinazoongozwa kwa uzi mwembamba wa kioo, ule ule unaopitisha intaneti majumbani, unaofunguka kutoka kwenye kigogo kidogo droni inavyokwenda, kilomita 10 na zaidi. Hakuna mawimbi yanayoweza kuivuruga. Baada ya mashambulizi nyuzi hubaki zimetanda juu ya mashamba ya alizeti na miti, zikimeta jua linapopiga, maelfu kwa maelfu. Van Riper, mwaka 2002, aliikimbia redio kwa kupanda pikipiki. Hawa wameikimbia kwa uzi. Rasimu inayofuata itabidi iseme nani anaubeba, kila kikosi kipewe vigogo vingapi, adui akiurusha kwetu tunaukata vipi, na vita vikiisha, mkulima wa Donetsk, mashariki mwa Ukraine, atalimaje shamba lililofunikwa na kioo.